Mfanyakazi mwenye ulemavu akiambiwa "kazi hii haikufai": aanzie wapi hapa Dodoma?

Katibu_Tawi_Kizota

Wakuu, habari za kazi. Nina mambo matatu yaliyofika mezani wiki moja, na kila mhusika anataka jibu la kisheria, siyo la kumfariji.

La kwanza ni mwendesha mashine wa kiwanda cha kukamua alizeti. Aliumia mkono wa kulia akiwa zamu. Amerudi na cheti cha daktari kinachosema apewe kazi nyepesi. Amejibiwa kwamba kiwandani hakuna kazi nyepesi, asaini barua ya kuacha kazi kwa hiari, maana WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, watamlipa. Hajasaini.

La pili ni dada wa stoo, kiziwi, mwaka wa nne kazini. Wenzake watatu waliomkuta kazini wamepelekwa mafunzo ya mfumo mpya wa kompyuta, wawili wamepandishwa cheo. Yeye anaambiwa "mawasiliano yatasumbua". Barua hakuna, ni maneno tu.

La tatu ni kijana mwenye ualbino aliyeomba kazi ya ukarani wa saiti kupitia wakala wa ajira. Usaili alifaulu, kisha akapigiwa simu kwamba saiti ina jua kali na wao hawataki lawama.

Wote watatu wana kesi? Waende kwa nani, kwa fomu ipi, na muda wao ni kiasi gani?

Msajili_Mkongwe

Katibu, wote watatu wanaingia kwenye kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Namba ninazotaja ni za sheria ilivyotungwa, kwa hiyo mwenye toleo jipya azihakiki kabla ya kuziandika kwenye nyaraka.

Kifungu kinamkataza mwajiri kubagua, moja kwa moja au kwa kuzunguka, katika sera au utaratibu wowote wa ajira, na ulemavu umetajwa kwa jina miongoni mwa sababu zilizokatazwa. "Utaratibu wa ajira" haumaanishi kufukuza tu. Ndani yake mna matangazo ya kazi, vigezo vya usaili, kupangiwa majukumu, mazingira na vifaa vya kazi, mafunzo, upimaji wa utendaji, kupandishwa cheo, uhamisho na nidhamu. Hapo dada wa stoo ameshaingia. Kijana naye yumo, kwa sababu kwa madhumuni ya kifungu hiki "mfanyakazi" ni pamoja na mwombaji wa kazi, na "mwajiri" ni pamoja na wakala wa ajira. Wengi wanakosea hapa, wanadhani asiye na mkataba hana pa kulalamikia.

Jambo lenye uzito kuliko yote ni mzigo wa kuthibitisha. Mfanyakazi akishaleta ushahidi wa awali unaoonyesha kwamba huenda amebaguliwa, ni kazi ya mwajiri kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba alichofanya hakikutokana na ulemavu. Na kama atajitetea kwamba sifa fulani ni hitaji la msingi la kazi yenyewe, atalithibitisha yeye. Kusikia kwa masikio siyo hitaji la msingi la kuhesabu magunia na kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Kwa dereva wa abiria mwenye tatizo kubwa la macho, hoja hiyo ingekuwa na nguvu.

Ushahidi wa awali hauhitaji barua inayosema "tunakubagua". Barua ya namna hiyo haiandikwi. Kwa huyu dada kinachotakiwa ni jedwali la ukurasa mmoja: jina la kazi, tarehe ya kuajiriwa, kiwango cha elimu, nani kapelekwa mafunzo na lini, nani kapandishwa na lini. Ikionekana kwamba mwenye sifa sawa au zaidi amerukwa mara kwa mara, na tofauti inayoonekana ni usikivu, mwajiri ana la kujibu. Ongeza ujumbe wa simu wowote wenye neno "mawasiliano", na jina la aliyesikia likisemwa.

Kuhusu muda: mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine yote ni siku 60 tangu ilipozuka. Mwendesha mashine bado hajaachishwa, kwa hiyo saa yake ya siku 30 haijaanza. Kijana anahesabu 60 tangu siku ya ile simu. Dada anahesabu tangu tukio la karibuni lenye tarehe, mathalani siku orodha ya mafunzo ilipobandikwa bila jina lake. Matukio ya nyuma ataya​tumia kama ushahidi wa mwenendo, lakini dai lenyewe alijenge juu ya tukio ambalo bado liko ndani ya muda.

Fidia_na_Kazi

Naongezea kwa huyu mwendesha mashine, maana maneno "WCF watakulipa, saini uende" yanapoteza ajira za watu wengi.

Fidia na ajira ni vitu viwili tofauti. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, inamlipa mtu kwa kuumia akiwa kazini. Haijasema popote kwamba anayelipwa aache kazi. Kwa upande wa pili, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema wazi kwamba sababu inayohusiana na ulemavu siyo sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Ndiyo maana anaombwa asaini kwa hiari: akisaini, mwajiri atasema hakumwachisha, aliacha mwenyewe. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, lakini hapo mfanyakazi ndiye ataanza kuthibitisha kwamba alilazimishwa. Ametoka upande mwepesi akaingia upande mzito kwa saini moja.

Kwa hiyo asisaini, na aendelee kuripoti kazini kila siku ya zamu yake. Akizuiwa getini, aandike tarehe, saa na jina la aliyemzuia, kisha siku hiyohiyo amtumie meneja ujumbe: "Nimefika kazini leo saa moja asubuhi, nimezuiwa kuingia, naomba maelekezo kwa maandishi." Asipofanya hivyo, wiki mbili baadaye atakutana na shtaka la utoro.

Fidia nayo isisahauliwe. Mwajiri anatakiwa kuuarifu Mfuko ndani ya siku 7 za kazi baada ya kupata taarifa ya ajali. Mwajiri akikaa kimya, mfanyakazi aende mwenyewe ofisi ya WCF na nakala ya taarifa ya ajali, hati za hospitali na hati ya mshahara. Asikae hadi miezi 12 ipite. Tathmini ya ulemavu wa kudumu ikizidi asilimia 30 analipwa pensheni ya kila mwezi. Ikiwa 30 au chini yake analipwa kwa mkupuo. Msingi wa hesabu ni asilimia 70 ya mshahara. Ndiyo maana hati ya mshahara inayoonyesha malipo halisi ni muhimu kuliko maneno ya mhasibu.

Jingine ni hicho cheti. "Apewe kazi nyepesi" ni maneno mapana mno, na mwajiri anajibu kirahisi kwamba hana. Arudi kwa daktari aombe cheti kinachotaja mipaka: asinyanyue zaidi ya kilo kadhaa, asishike kitu kwa nguvu kwa mkono wa kulia, kwa wiki ngapi, na lini apimwe tena. Cheti cha namna hiyo kinamlazimisha mwajiri kujibu kazi moja baada ya nyingine.

Mwajiri_Msikivu

Nasimamia rasilimali watu, kwa hiyo naandika kutoka upande wa pili wa meza.

Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zimeeleza mwajiri afanye nini mfanyakazi anaposhindwa kazi kwa ugonjwa au kuumia. Achunguze chanzo na kiwango cha tatizo, ajue ni la muda au la kudumu, aangalie kama majukumu yanaweza kurekebishwa au kupatikana kazi nyingine inayomfaa, na azungumze na mfanyakazi, ambaye ana haki ya kuwa na mwakilishi. Kama aliumia kazini, wajibu wa kumtafutia nafasi unakuwa mkubwa zaidi. Mwajiri aliyeruka hatua hizi anafika CMA hana cha kuonyesha.

Hoja ya "hakuna kazi nyepesi" kwenye kiwanda cha alizeti haisimami kirahisi. Kuna kupima magunia kwenye mizani, kuhesabu madumu, kuandika vibali vya kutoa mzigo, kukagua mifuniko na lebo, kusimamia zamu. Mfanyakazi asiombe kwa jumla. Aandike: "Naomba nihamishiwe mizani au kibali cha mzigo kwa wiki 12 kufuatana na cheti kilichoambatishwa." Kama nafasi hiyo ipo na amenyimwa bila sababu, kazi ya mwakilishi wake imekuwa rahisi.

Kwa dada wa stoo: mkalimani wa lugha ya alama kwa siku za mafunzo, maelekezo ya kila siku kwa ujumbe wa maandishi, na taa ya kuwakawaka pamoja na king'ora cha moto. Mkalimani ndiyo gharama kubwa hapo, na ni ya siku chache. Kwa kijana wa ukarani: karani wa saiti anashinda ofisini au kwenye kontena. Ukaguzi wa mzigo nje upangwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, apewe kofia ya ukingo mpana, shati la mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Jua la Dodoma ni kali kweli, lakini hilo ni suala la ratiba na vifaa.

Halafu kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na watu wenye ulemavu wenye sifa wasiopungua asilimia 3. Kiwanda cha watu 100 ni 3, cha watu 200 ni 6. Waliofika 20 wengi wanasema asilimia 3 ya 20 haifiki mtu mmoja. Kwa maoni yangu sheria isingeanzia 20 kama haikukusudia walau mmoja.

Msajili_Mkongwe

Nashukuru, mkuu. Naongeza kitu kwenye hicho: kifungu cha 7 kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi, na mwamuzi anatakiwa kuuzingatia anaposikiliza dai. Katibu, tawi liandike barua kuomba nakala ya mpango huo. Kama haupo, barua isiyojibiwa itaingia kwenye jalada.

Katibu_Tawi_Kizota

Asanteni sana. Nifafanulieni fomu, maana ndipo watu wetu wanapokwama. Na kuna mwanachama mwingine ana miezi minne tu kazini. Alilazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, wiki tatu, amerudi na nafuu, mwajiri kajua alikotibiwa na kumpa barua ya kumwachisha. Ameambiwa hana haki kwa sababu hajafikisha miezi 6.

Wakili_wa_Wanyonge

Katibu, nianze na huyo wa miezi minne, kwa sababu muda wake unakimbia.

Aliyemwambia hana haki amesoma nusu. Ni kweli sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa kazi isivyo halali haimgusi mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Lakini kifungu cha 7 hakina sharti hilo. Kinamlinda mwombaji ambaye hata kazi hajaanza, sembuse mwenye miezi minne. Kwa hiyo dai lake liandikwe kuwa la ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, siyo la kuachishwa isivyo halali. Akikosea hapo, mwajiri ataweka pingamizi siku ya kwanza na jalada litafungwa kabla hajasikilizwa. Muda ahesabu siku 30 kwa usalama, hata kama ubaguzi peke yake una 60, ili kusiwe na mabishano.

Asipeleke historia yake yote ya matibabu. Anachohitaji ni hati ya daktari inayosema anaweza kurudi kazini kuanzia tarehe fulani, na masharti yake kama yapo. Jina la ugonjwa siyo lazima liwe kwenye barua ya kwanza kwa mwajiri. Na ahifadhi ujumbe wowote unaotaja alikolazwa, kwa sababu huo ndio unaounganisha barua ya kuachishwa na hali yake.

Sasa fomu. Mgogoro unasajiliwa kwa Fomu Na. 1 ya CMA, kwenye ofisi ya Tume ya eneo ambako mgogoro ulizuka. Aliyefanya kazi Kizota anasajili Dodoma, hata kama makao makuu ya kampuni yako Dar es Salaam. Ada haitozwi. Jaza nakala tatu: ya Tume, ya mwajiri, na yako. Mwajiri apewe yake kwanza, agonge muhuri na kusaini kwamba amepokea, kwa sababu Tume inahitaji kuthibitishiwa kwamba upande wa pili umepata fomu. Akikataa kusaini, itume kwa rejista posta na utunze risiti.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara ni haya. Jina la mwajiri linaandikwa lile lililo kwenye bango la getini badala ya lile lililo kwenye mkataba au hati ya mshahara, kisha tuzo, yaani uamuzi wa Tume, inatolewa dhidi ya mtu asiyekuwepo kisheria. Tarehe ya mgogoro inawekwa ya siku ya kujaza fomu. Na Sehemu B inajazwa na kila mtu, wakati ni ya walioachishwa kazi peke yao. Dada wa stoo na kijana wa ukarani wasiiguse.

Siku zikihesabiwa, barua ya tarehe 3 Machi inaishia tarehe 2 Aprili. Usingoje siku ya mwisho. Pasaka na foleni ya posta vimeangusha madai mazuri. Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda kwa Fomu Na. 2 pamoja na hati ya kiapo inayoeleza kila siku ya kuchelewa. "Nilikuwa natafuta msaada" halitoshi. Kulazwa kunatosha ikiwa hati za hospitali zinafunika siku zote zilizopotea. Ila "nilikuwa nikizungumza na meneja" haisimamishi saa, na ndiyo sababu inayotolewa kuliko zote.

Baada ya kusajili, Tume ina siku 30 za usuluhishi. Mlalamikaji asipotokea, msuluhishi anaweza kuliondoa shauri. Mwajiri asipotokea, msuluhishi anaweza kuliamua. Yanayosemwa kwenye usuluhishi hayatumiki baadaye kama ushahidi, kwa hiyo mwanachama asiogope kutaja kiasi anachoweza kukubali. Ikishindikana, dai linakwenda kwa mwamuzi au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Asiyeridhika na tuzo anaomba mapitio ndani ya wiki sita tangu alipoipokea.

Kwa aliyeachishwa isivyo halali, mwamuzi anaweza kuamuru arudishwe kazini kana kwamba hakuondoka, aajiriwe upya kwa masharti, au alipwe fidia. Sheria ilivyotungwa iliweka fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12, na eneo hili limeguswa na mabadiliko ya sheria za kazi ya mwaka 2025, hivyo tumieni nakala ya sasa mnapoandika kiasi. Fidia hiyo haifuti notisi, likizo na stahiki nyingine.

Afisa_Mtumba

Kwa wasomaji wenzangu wa Mji wa Serikali: mtumishi wa umma asikimbilie CMA moja kwa moja. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka amalize kwanza njia za ndani, ikiwemo rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Rufaa hiyo ina siku 45 tangu kupokea uamuzi. Walioanzia CMA wamerudishwa, na wanaporudi siku 45 zimekwisha.

Katibu_Tawi_Kizota

Nimeelewa. La mwisho: siku ya usuluhishi, dada wa stoo ataelewanaje na msuluhishi? Anaweza kwenda na mimi nimtafsirie? Lugha ya alama najua kidogo.

Wakili_wa_Wanyonge

Nenda kama mwakilishi wake, sheria inaruhusu kiongozi wa chama cha wafanyakazi, wakili, au mtu aliyemchagua mwenyewe. Lakini usiwe mkalimani. Huwezi kumtetea na kumtafsiria kwa wakati mmoja, na ukikosea ishara moja kwenye kiasi au tarehe, ameshasaini. Siku ile ile ya kusajili fomu, ambatisha barua ya kuomba mkalimani wa lugha ya alama, na upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Wasiliana na CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kuhusu wakalimani wanaopatikana Dodoma. Siku ikifika na mkalimani hayupo, omba kikao kiahirishwe na ombi hilo liandikwe kwenye kumbukumbu.

Mkikubaliana, isomeni hati ya makubaliano polepole kupitia mkalimani huyo kabla ya saini. Kwa dada anayebaki kazini, "mwajiri atazingatia" ni maneno yasiyoshikika. Andikeni ni mafunzo gani, kuanzia tarehe gani, nani analipa mkalimani, na ombi la cheo litajibiwa lini kwa maandishi. Na mwajiri akiweka sentensi ya "sina madai mengine yoyote dhidi ya kampuni", ikateni, au muiwekee mipaka iishie kwenye mgogoro huu pekee, kwa sababu dada bado yuko kazini na mwaka ujao kutakuwa na orodha nyingine ya mafunzo.

Katibu_Tawi_Kizota

Barua ya mkalimani naandika leo jioni. Mwendesha mashine kesho asubuhi anarudi kwa daktari kuchukua cheti chenye mipaka. Yule wa Mirembe leo ana siku ya 19, tunasajili keshokutwa.

Fidia_na_Kazi

Siku ya 19? Sajilini kesho, Katibu.